Udongo Uliosusa

Udongo uliosusa haunyweshwi kwa ndoo. Mlinisikia jana nikimwambia mjomba wenu maneno haya pale barazani, mkatazamana kama mliosikia tusi. Si tusi. Ni methali, na ilizaliwa hapa hapa Wete, katika nyumba ambayo ukuta wake wa nyuma mnaupita kila siku mkienda skuli. Mmeniuliza ilitoka wapi, basi kaeni. Lakini nawaonya mapema: kisa hiki hunipandisha hasira kila nikikisimulia, kwa hiyo mtu asiniambie nipunguze sauti.

Palikuwa na mwanamke akiitwa Bi Shemsa. Kama uliolewa Wete zama zile na hukuvaa kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia, kilichotungwa na Bi Shemsa, watu waliuliza kama kweli umeolewa. Uani kwake palijaa madebe na makopo, na ndani yake miasumini, miwaridi na mirehani. Wengine walipanda maua ardhini. Yeye ardhi hakuiamini. Alichanganya udongo wake mwenyewe, wa samadi ya ng'ombe iliyokaa mpaka ikapoteza harufu, majani ya mkarafuu yaliyooza, na makonyo, vile vikonyo vinavyobaki watu wakishachambua karafuu, aliyoyatwanga na kuyachekecha kama unga wa mandazi. Mchanga hakuutia, wala udongo mwekundu wa shamba. "Mchanga ni wa wajenzi," alikuwa akisema. Udongo wake ulikuwa mweusi, mwepesi, wenye kunukia, na wanawake walikuja kumwomba hata kibakuli kimoja wakarudi na kibakuli kitupu.

Na alikuwa na sharti moja. Mkono wa mtu mwingine usiingie katika madebe yake. Aliamini kila ua lina mkono wake, na mkono mgeni ukigusa udongo, ua hukasirika. Nyumba nzima ilijua hivyo. Kuteka maji unaweza, kumwagia unaweza ukitumwa, lakini kidole chako kisiguse.

Debe moja lilikuwa na heshima yake peke yake. Mwasumini uliokuwamo ulipandwa na mumewe, Mzee Makame, mwaka waliooana. Kila Ijumaa mzee yule alichuma maua machache, akayafunga katika kitambaa na kumwekea mkewe chini ya mto. Walizeeka hivyo, na hakuna aliyewahi kuwasikia wakigombana.

Katika nyumba hiyo aliolewa Kazija, msichana wa Micheweni, mke wa Faki, na Faki alikuwa mtoto wa pekee wa Bi Shemsa. Tuseme haki: Bi Shemsa hakuwa mavyaa mbaya. Hakumtukana mkaza mwana wake wala hakumnyima chakula. Ila alimpa kamba ya kisima, hakumpa chekeche ya udongo. Kazija alikaa mle ndani akiona kila kitu kinafanywa na hafundishwi chochote. Mzee Makame ndiye aliyemwita mwanangu. Bi Shemsa alimwita Kazija, na Kazija alimwita mama, kama ilivyo ada.

Mzee Makame alifariki katikati ya kaskazi, wakati jua linachoma hadi kivulini. Nyumba ikajaa watu. Uani pakatakiwa pa kutandika majamvi na pa kuinjika masufuria ya matanga, na madebe yakawa yanawazuia wapishi. Wakaenda kumwuliza Bi Shemsa chumbani alikokaa na nguo zake nyeupe za eda. Mjane wa eda haruhusiwi manukato, na yeye alikuwa hata kuyafikiria hataki.

"Yaondoeni," alisema. "Sitaki kuyanusa."

Vijana wakayapandisha juu ya paa la sakafu la jiko, mahali pasipo na kivuli hata cha ndege. Matanga yakaisha, hitima ikasomwa, wageni wa mashamba wakarudi kwao, na madebe bado yako juu yanakaangwa. Aliyeyakumbuka ni Kazija. Alimwomba mumewe ayashushe chini ya upenu, na yaliposhushwa aliona udongo umenywea, umejitenga na kuta za debe, umeacha ufa wa kupita kidole. Hakuutia kidole. Alikwenda kusimama mlangoni kwa mavyaa wake.

"Mama, maua yamepigwa jua. Nifanyeje?"

"Yamwagie maji. Kila asubuhi, ndoo, usibane. Wala usitie mkono."

Akamwagia. Kisima kilikuwa nyuma ya nyumba na kamba yake ilikuwa ya makumbi, inayokata viganja. Aliteka ndoo, akamimina, maji yakaingia debeni kwa kishindo, na mara yakatoka chini kwenye matundu yakitiririka hadi mtaroni. Nani angeona hivyo aseme udongo haujanywa? Wewe ungesema? Maji yameingia juu, yametoka chini, maana yake katikati yamepita. Ndivyo Kazija alivyodhani, na Bi Shemsa chumbani kwake alisikia mmwagiko ule kila asubuhi akatulia.

Lakini majani yakaanza kuwa manjano. Mirehani ikaanguka kwanza, kisha miwaridi. Kazija alirudi mlangoni.

"Mama, yananyauka."

"Ua halinyauki kwa maji," sauti ikajibu. "Hunyauka kwa uvivu."

Neno lile lilimchoma, lakini alikuwa mbele ya mjane, akalimeza. Akaongeza ndoo za jioni. Viganja vikatoka malengelenge, malengelenge yakapasuka, na madebe yakazidi kukauka. Alimwambia mumewe. Faki alikuwa mtu mwema, na wema wake ulikuwa wa kukaa kimya. "Mama anajua zaidi," alisema. "Wewe mwagia tu." Nasema hivi mbele yenu bila kuficha: mtu wa namna ile huudhi kuliko mkorofi, kwa sababu mkorofi unajua pa kumshika.

Basi akaja Bi Mosi, jirani wa ukuta mmoja, kumtazama mfiwa. Alipita uani, akaona vijiti vitupu, na kwa kuwa si mtu wa nyumba ile akachovya kidole chake debeni. Udongo ulikuwa mkavu kama jivu la jana. Akaingia chumbani, akaketi, akaguna kwanza kama wanavyoguna wenye habari.

"Shoga yangu," alisema, "mimi si mtu wa maneno. Lakini madebe yako hayajaona maji. Nimetia kidole."

Bi Mosi hakusema uongo, na hilo ndilo linaloniudhi. Fitina ya uongo utaikanusha. Fitina yenye ukweli ndani yake utaifanyaje? Asubuhi iliyofuata Bi Shemsa alisikia maji yakimwagwa kama siku zote, na safari hii akasikia jambo jingine. Alisikia mtu anamwaga maji mtaroni ili mjane aliyefungiwa ndani adhani maua yananyweshwa. Tangu siku ile hakuuliza tena. Aliilea ile hasira kimya kimya mpaka eda ilipokwisha.

Siku ya kutoka eda wanawake walijaa. Walimwosha, wakamvika nguo mpya, wakamfukiza udi. Kilichobaki kilikuwa kikuba, na kila mtu alijua kitatungwa kwa asumini ya debe la marehemu. Bi Shemsa akatoka uani kwa mara ya kwanza. Madebe yalikuwa yamepangwa ukutani, na katika kila debe pamesimama kijiti. Alikwenda moja kwa moja hadi debe la Mzee Makame. Hata jani moja halikuwepo. Akatia kidole, akakitoa, akakionyesha kwa wanawake wote. Kilikuwa na vumbi.

"Kazija," alisema. "Maji ulikuwa ukiyamwaga wapi?"

"Humo debeni, mama."

"Nilikuwa ndani, sikuwa kaburini. Nilikuwa nakusikia. Ulikuwa unamwaga mtaroni, ukinichezea mimi na maiti yangu." Sauti yake ilikuwa chini. "Makame hakuniachia kitu kingine. Nyumba ni ya mwanangu, shamba ni la urithi. Mti huu ndio ulikuwa wangu, nawe umeniulia makusudi."

"Mama, wallahi nimemwagia asubuhi na jioni. Tazama mikono yangu."

"Mwongo huapa kwanza." Bi Shemsa akamgeukia mwanawe, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa ua. "Faki, mkeo mrudishe kwao. Leo. Sitakula chakula kilichopikwa na mkono uliomuua baba yako mara ya pili."

Kazija alimtazama mumewe. Mtu aliyekuwa akilala naye chumba kimoja, aliyeiona kamba ikimchuna viganja, aliyekuwa na neno moja tu la kusema. Faki alitazama chini. Kazija alisema baadaye kwamba maneno ya mavyaa wake yalimuuma, lakini kule kutazama chini ndiko kulikomtia hasira ambayo hakujua kama anayo.

Hakulia. Alikwenda kisimani, akateka ndoo, akarudi nayo mpaka lilipo debe la mwaridi mkubwa. Mbele ya wanawake wale wote na udi wao, akamimina ndoo nzima. Maji yakaingia kwa kishindo. Maji yakatoka chini, yakawalowesha miguu waliokuwa karibu.

"Mmeona yameingia?" aliuliza. "Mmeona yametoka?"

Akalikamata debe kwa mikono miwili, akaliinua mpaka kifuani, akalipiga chini kwenye sakafu kwa nguvu zake zote. Debe likapasuka ubavuni. Bonge la udongo likatoka, likagawanyika vipande viwili, na vumbi likapanda. Nawaambia vumbi, wanangu, katika debe lililotoka kumiminiwa ndoo nzima ya maji. Kwa nje bonge lilikuwa na ngozi nyembamba ya matope, na ndani lilikuwa kavu mpaka kwenye mizizi. Maji yalikuwa yakipita katika ule ufa wa pembeni na kwenda zake, siku zote hizo.

Kazija akachukua tone lililobaki ndooni, akalidondosha juu ya lile rundo kavu. Halikuzama. Likakaa juu, duara, likaviringika kama linavyoviringika juu ya jani la yugwa lisiloshika maji, likaanguka sakafuni na kuuacha udongo mkavu kama ulivyokuwa.

"Udongo huu ni wa mkono wako," alimwambia mavyaa wake. "Umeuchanganya wewe, umeamuru uondolewe ukaachwa juani wewe, umenikataza kuugusa wewe. Mimi niliachiwa maji, nami maji nimeyatoa. Kuniita mvivu nilinyamaza, kwa sababu ulikuwa umefiwa. Mwongo sinyamazi."

Akapita katikati yao akaingia chumbani kwake. Kikuba siku ile hakikutungwa, na wageni walikunywa kahawa yao haraka haraka.

Watu walidhani angefunga mizigo. Faki alimkuta ameketi kitandani akaanza kumwambia kwamba hakuna wa kumrudisha kwao, maana sasa kila kitu kimejulikana.

"Sasa," alisema Kazija. "Sasa ndio umepata ulimi. Siondoki leo, wakapata kusema nimefukuzwa. Nitaondoka siku nitakayotaka mimi, na siku hiyo hutanirudisha. Nitakuwa nimekwenda."

Akasusa. Mnajua kususa kulivyo, nyote mmeshawahi kumsusia mama yenu chakula. Lakini ninyi husubiri kubembelezwa, na yeye hakusubiri kitu. Kazi za nyumba alizifanya kama kawaida. Chakula cha sufuria ya mavyaa wake hakukigusa, alijipikia chake. Na lile neno mama likamtoka kinywani. Alimwita Bi Shemsa, kama anavyoita mpita njia, na kila alipolitamka jina lile yule mwanamke aliacha alichokuwa akifanya.

Bi Shemsa alijua amekosa. Usidhani hakujua. Lakini alikuwa mtu aliyezoea kufanya mambo makubwa yakaonekana, na alitaka hata kosa lake limalizwe kwa karamu. Ijumaa moja akawaita wanawake wote waliokuwepo siku ile. Akapika biriani. Akatandika jamvi jipya, akamketisha Kazija katikati kama bibi harusi, akasimama akasema maneno mengi na mazuri. Alisema amemdhulumu, alisema shetani, alisema uchungu wa kufiwa, alisema anataka radhi mbele ya Mungu na mbele ya watu. Kisha akavua bangili zake mbili za dhahabu, alizovishwa na mama yake, akamwekea Kazija mapajani pamoja na doti mbili za kanga. Wanawake wengine walitokwa machozi. Bi Mosi alitokwa zaidi ya wote.

Kazija alisikiliza mpaka mwisho. "Ahsante, Bi Shemsa," alisema. Akaziweka bangili juu ya sinia, taratibu, kando ya limau.

Pakawa na manung'uniko. Moyo gani huo. Mtoto mdogo vile, mtu mzima amejishusha mpaka chini. Kama kuna kitu hunichoma roho, ni watu kama wale. Siku ya kudhulumiwa hawana sauti. Siku ya kusamehe wanakupangia saa.

Bi Shemsa naye damu ikampanda. "Nimesema yote," alisema. "Nimetoa hata cha mamangu. Unataka nini zaidi, Kazija? Nikulambe miguu?"

Kazija akainuka, akatoka uani, na wanawake wakamfuata kwa sababu hawakutaka kukosa. Debe la Mzee Makame lilikuwa bado pale. Siku chache nyuma Kazija alikuwa amelikwaruza shina la ule mwasumini kwa ukucha na chini ya gamba akakuta ukijani mwembamba. Hakumwambia mtu. Akachukua ndoo iliyojaa, akamimina yote mara moja. Ikapita pembeni, ikatoka chini, ikaenda mtaroni. Akachimbua kidogo kwa kijiti, vumbi likaonekana.

"Mengi, siyo?" alisema. "Ndoo nzima, na wote mmeshuhudia ikimwagwa. Na haya maneno yako na bangili zako ni hivi hivi. Mimi sikatai kunywa. Siwezi. Uliniweka juani muda mrefu, halafu unataka ninywe vyote mchana mmoja ili wageni wakienda nyumbani waseme yamekwisha." Akaitua ndoo. "Udongo uliosusa haunyweshwi kwa ndoo."

Wanawake waliondoka na maneno yale, na kabla ya alasiri yalikuwa yamefika sokoni. Bi Shemsa alibaki amesimama uani akiutazama mtaro.

Asubuhi iliyofuata Kazija alipotoka alimkuta amechutama mbele ya debe la marehemu na kata ya kifuu mkononi. Hakuwa amemwagia. Alikuwa anangoja.

"Nifanyeje?" aliuliza Bi Shemsa.

Fikirini neno hilo kinywani mwa nani. Mwanamke ambaye mji mzima ulimwuliza habari za maua, ambaye hakumpa mtu hata kibakuli cha udongo, alikuwa anamwuliza mtu yule yule aliyekatazwa kuugusa. Kazija alijibu, na wala si kwa upole.

"Toboatoboa kwanza kwa kijiti. Kisha kata moja. Kisha uache."

"Kata moja haitoshi hata panya."

"Basi chukua ndoo."

Bi Shemsa akachukua kijiti. Wakakaa hivyo, kata moja na kungoja, kata moja na kungoja, na maji mengi bado yaliteleza. Kazija hakuwa mjuzi wa maua. Alichokijua ni jiko. Alijua unga ukiumiminia maji yote pamoja hutoka madonge, ukiyavunja ndani yana unga mkavu. Alijua pia sufuria iliyopikiwa samaki wa kukaanga huyakimbiza maji matupu mpaka uyatie sabuni. Majani ya mkarafuu yana mafuta, na makonyo yana mafuta, na mafuta yale yakikaukia juani hushika kila punje ya udongo. Akakoroga sabuni kidogo sana katika maji, yasiwe hata na povu, akampa mavyaa wake bila kueleza. Tone la kwanza lilikaa juu, likasitasita, likazama. Bi Shemsa alilitazama tone lile kwa macho ya mtu anayesoma jina lake.

Baada ya hapo waliliweka debe ndani ya karai lenye maji, yapande kwa chini polepole. Mapovu madogo yakatoka, yakanyamaza, yakatoka tena. Na Kazija akaleta udongo mwekundu wa shamba na mchanga, vile vitu vya wajenzi, akavichanganya na ule mweusi kwa mikono yake yote miwili, akafunika juu kwa makumbi ya nazi jua lisiufikie. Bi Shemsa alimtazama akitia mikono debeni, akamshikia debe.

Ikawa ndiyo ada yao. Kila asubuhi Bi Shemsa hutia kata yake, kisha huuliza, "Yamefika?" Kazija hutia kidole mpaka mwisho wake, hukitazama, hujibu, "Bado."

Na yale mengine pia Bi Shemsa aliyatoa kwa kata. Hakuita watu tena. Asubuhi moja alisema, akiwa anatazama debe na si uso wa mtu, "Nilikusikia ukivuta kamba. Mtu anayemwaga mtaroni hahemi vile. Nilijua nikajifanya sijui." Akaishia hapo. Siku nyingine Bi Mosi alikuja na habari za mkaza mwana wa mtu mwingine, na Kazija akiwa jikoni alimsikia Bi Shemsa akimjibu, "Kidole chako kilinigharimu, Mosi. Katika nyumba hii usikitie tena." Siku nyingine alileta chekeche ya udongo, akaitundika kwenye msumari wa mlango wa Kazija na kwenda zake.

Faki naye alipewa zamu yake. Mkewe alimwambia, "Na wewe una debe lako la kunywesha," Faki akaanza kuteka maji mwenyewe kila alfajiri kabla ya kwenda kazini, mpaka na yeye kamba ikamtoa malengelenge. Alimwonyesha mkewe viganja. "Naona," alisema Kazija.

Msinitazame hivyo. Mnataka niseme alisamehe kesho yake, moyo ukawa mweupe. Hakusamehe. Kuna asubuhi aliamka na hasira mpya kama ya siku ile, akajibu "Bado" kabla hata ya kutia kidole, na Bi Shemsa alisema "Haya" akaiweka kata. Miwaridi ilikwishakufa na mirehani ilikwishakufa, na hakuna aliyeifufua. Mvua za vuli zikaja, zikamwaga ndoo zake juu ya mji mzima, na wao chini ya upenu bado wanatia kata.

Kisha asubuhi moja, mvua zilipokuwa zinapungua, Bi Shemsa alitia kata yake akaona kitu kwenye shina, chini kabisa. Palikuwa na chipukizi mbili, kila moja si kubwa kuliko punje ya mchele. Hakupiga kelele wala hakuzigusa. Aliogopa kuuliza, lakini ada ni ada.

"Yamefika?"

Kazija akatia kidole. Akakizamisha mpaka kikafika, akakitoa. Udongo ulikuwa umeshikamana nacho, mweusi na baridi, tangu ncha hadi kwenye kiganja. Akakitazama muda mrefu kuliko siku zote.

"Yamefika, mama," alisema.

Bi Shemsa akajifunika uso kwa ncha ya kanga yake. Kazija akaichukua kata kutoka mkononi mwake, akaijaza, akaendelea pale alipoachia.

Ndiyo hiyo. Sasa mjomba wenu. Miaka yote mama yenu alipokuwa anaumwa hakukanyaga hapa, na jana amekuja na gari limejaa magunia ya mchele, friji, na vitambaa, akashangaa mama yenu hakutoka chumbani. Ninyi mkasema mama ana moyo mgumu. Mimi nilimwambia niliyomwambia, na nilimwambia kwa hasira, na leo ningemwambia tena.

Lakini naona amerudi. Yule pale mlangoni, kaliacha gari lake mbali, kaja kwa miguu, na mkononi ana maandazi katika karatasi. Mfungulieni. Mwambieni mama yenu kaka yake yuko nje, na asipotoka leo msimlazimishe. Mjomba mpeni chai, kikombe kimoja, na akimaliza mwambieni aje tena kesho. Udongo uliosusa haunyweshwi kwa ndoo.